Kupigwa Kazini, Kukosa Usingizi Nyumbani: Wauguzi Wanauliza

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na zote zimeandikwa na wauguzi au watu wanaoishi nao. Majina yao na ya vituo vyao tumeyaacha nje. Barua ndefu tumezifupisha.

Nimechanganyikiwa, au ni uchovu tu?

*Wiki tatu zilizopita ndugu wa mgonjwa alinikaba na kunipiga kofi saa nane usiku, kisa dawa aliyoandikiwa mama yake haikuwepo dirishani. Sikuumia sana. Muuguzi mfawidhi akaniambia, "Samehe, mdogo wangu, ndiyo kazi tuliyoichagua." Tangu siku hiyo silali. Mlango ukisukumwa kwa nguvu moyo unaenda mbio. Nimekuwa nikibadilishana zamu nisiingie usiku, na mwenzangu amenipa diazepam, vidonge vya kutuliza. Je, nimeanza kuugua akili? – Muuguzi, Moshi*

Pole sana, dada. Hujachanganyikiwa, na uchovu peke yake hauleti hayo. Mwili uliotishwa huchelewa kuamini kwamba hatari imepita. Usingizi unakatika, mtu anashtuka ovyo, tukio linarudi kichwani bila kuitwa, naye anaanza kukwepa mahali, saa au sura zinazomkumbusha. Katika mwezi wa kwanza mambo haya huwapata wengi waliokabwa au kutishiwa, na kwa walio wengi hupungua yenyewe. Mtaalamu wa afya ya akili ataangalia kama dalili zimevuka mwezi mmoja, kama zinapanda au zinashuka, na kama zinakuzuia kufanya kazi, kula na kuishi na watu wako. Zikivuka mwezi huku zikikukwamisha, hapo ndipo huitwa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Wewe uko wiki ya tatu, kwa hiyo usikae tu kungoja tarehe.

Diazepam mrudishie mwenzako. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inasema dawa za kundi hilo zisitumike kutibu dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Haziuzuii ugonjwa usije, na mwili unaweza kuzizoea ndani ya wiki chache. Kwa muuguzi hatari ni kubwa zaidi, maana ufunguo wa kabati la dawa anao mwenyewe. Mbege na Konyagi nazo ni hivyo hivyo: zinakulaza saa tatu za kwanza, kisha zinakuamsha alfajiri ukiwa na wasiwasi kuliko ulivyolala.

Kwa usingizi, amka saa ile ile kila siku usipokuwa na zamu ya usiku. Kahawa na chai ya rangi ziishe muda wa saa sita kabla ya kulala. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kusinzia, ondoka, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Moyo ukianza mbio, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika tano. Kutoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta ndiko kunakopunguza mapigo, kwa hiyo usigeuze hesabu.

Ongea na mtu mmoja au wawili unaowaamini, kwa kiasi unachotaka. Hospitali nyingine zina desturi ya kuiita zamu nzima, kuiketisha na kumtaka kila mtu asimulie tukio tangu mwanzo. Utafiti haujaonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia ugonjwa, na wengine kimewaacha katika hali mbaya zaidi. Kinachopendekezwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2011 una mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Maana yake mwenzako anaangalia kama uko salama, anasikiliza bila kukuchimba, kisha anakuunganisha na msaada unaouhitaji usiku ule, hata kama ni usafiri wa kukufikisha nyumbani tu.

Hapa kwenye kubadilishana zamu ndipo tunapokuonya zaidi. Kila zamu ya usiku unayoikwepa inakupa nafuu ya siku moja, na hofu inajifunza kwamba usiku kweli ni hatari. Rudi kwa ngazi. Kwanza pita kwenye wodi ile mchana pamoja na mwenzako, ukae mpaka wasiwasi ushuke wenyewe, usiondoke ukiwa kileleni mwa hofu. Kisha chukua zamu ya jioni. Kisha ya usiku, mkiwa wawili. Mwombe mfawidhi aiweke ngazi hiyo kwenye ratiba ya mwezi, isiwe hisani ya kuombana kwa simu.

Jipime pia kwa dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, ambalo kliniki nyingi wanalo kwa Kiswahili. Lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Ukifikisha 10, nenda ukaonwe. Swali la tisa linahusu kufikiria kufa au kujidhuru: jibu lolote lisilo sifuri ni la kwenda siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo.

Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, Arusha kuna ya Mount Meru. Tunajua kinachowazuia wauguzi: faili litachukuliwa na mtu unayemjua. Basi nenda mji wa pili, ni kilomita 80 hivi. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki, kwa hiyo panga siku na nauli mapema. Wengi huacha baada ya kikao cha tatu, pale kumbukumbu zinapochokonolewa na mtu kujihisi amerudi nyuma. Ni sehemu ya tiba. Mwambie mtaalamu, usipotee.

Yale maneno ya mfawidhi wako husemwa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba baada ya "samehe" hakuna kinachoandikwa, na daftari lisilo na tukio halileti mlinzi wala muuguzi wa pili.

Wanataka tuyamalize ndani

*Nilipigwa ngumi na mtu aliyemleta majeruhi wa bodaboda. Jino limelegea. Uongozi unasema tuyamalize ndani, jina la hospitali lisichafuke. Nikikubali nitapoteza nini? – Muuguzi mwanaume, Arusha*

Kaka, kusamehe ni haki yako, lakini andikisha kwanza. Ukishaandikisha unaweza kusamehe wakati wowote, ila ukisamehe bila kuandikisha, kuthibitisha baadaye ni kazi nzito.

Nenda kituo cha polisi, utoe taarifa, uandike namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, mahali pawili, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe na daktari. Kama damu inatoka, tibiwa kwanza, fomu itafuata. Huhitaji barua ya mwajiri, maana mlalamikaji ni wewe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, inahusu shambulio linalosababisha madhara ya mwili, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Jeraha lipigwe picha siku hiyo na tena kesho yake, kwa sababu uvimbe na weusi hujitokeza zaidi baada ya siku moja au mbili. Shati lenye damu likauke, uliweke kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye mfuko wa nailoni litaota ukungu. Kama kuna kamera, omba kwa maandishi siku hiyo hiyo picha zihifadhiwe, kwani mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya muda.

Kama uling'atwa, au damu yake iliingia kwenye jeraha, jicho au mdomo wako, hilo linatangulia polisi. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na vyema zaidi ndani ya saa mbili, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B.

Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Unawahusu waajiriwa wa serikali na wa binafsi Tanzania Bara, na mchango wake analipa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Wewe unamtaarifu mwajiri, yeye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7, na dai lenyewe lisivuke miezi 12. Mambo huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, taarifa inatolewa kwa mdomo, korido inasahau. Iandike nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na saini na mhuri wa kupokelewa. Ya pili, watu wanaandika "jino" na kuiacha akili. Baada ya miezi sita mtu halali wala hawezi kusimama mapokezi, na hakuna karatasi inayounganisha hali hiyo na ile ngumi. Mwombe daktari aandike tangu siku ya kwanza kwamba unatetemeka, hulali, unaogopa. Msongo baada ya kiwewe umo kwenye orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2010, kwa hiyo usione aibu kuutaja.

Karatasi yoyote ya suluhu usiisaini usiku wa tukio. Ilale hata siku mbili.

Kituo chetu hakina fedha za walinzi

*Nasimamia kituo cha afya pembezoni mwa jiji. Usiku tuna watumishi wawili na mlinzi mmoja wa getini. Kila mwezi nesi anatukanwa au kusukumwa. Tuanzie wapi? – Muuguzi mfawidhi, Arusha*

Anzia kwenye daftari, mama. Kwa miezi mitatu andika kila tukio, hata tusi: tarehe, saa, mahali hasa, nani, na kilichotokea dakika tano kabla. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mara nyingi utakuta matukio yamelundikana penye mambo machache: foleni isiyopewa habari, dawa isiyokuwepo, muda wa kuona wagonjwa unapofungwa, bili, na taarifa ya kifo. Ulevi nao upo, ila mara nyingi mlevi anachokoza pale ambapo wazima nao wamekwisha kuchoka kusubiri.

Foleni: bandika ubao mapokezi unaoeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba mgonjwa mahututi aliyefika sasa atatangulia aliyefika asubuhi, na kwa nini. Kisha kila nusu saa mtu mmoja atoke aseme na benchi, hata kama hana jipya. "Daktari yuko na mama anayejifungua, tunakadiria saa moja zaidi" inapunguza joto kuliko ukimya. Usiahidi dakika kumi kama huwezi kurudi baada ya dakika kumi, maana ahadi ya pili haitasikilizwa.

Dawa zilizokwisha zitangazwe asubuhi, kabla mtu hajapanga foleni na kulipa. Na anayesema "haipo" awe mfamasia. Desturi ya kumwachia nesi habari zote mbaya za kituo, ikiwemo ya bima iliyokataliwa, ndiyo inayomfanya apigwe kwa makosa ya idara nyingine.

Kifo kisitangazwe koridoni. Tafuta chumba chenye viti, hata kiwe cha chanjo, ita ndugu wawili au watatu, waingie watumishi wawili wakae karibu na mlango, na daktari au tabibu aseme "amefariki" bila kuzunguka. Neno kama "ametuacha" au "hali imebadilika" huwaacha watu wakiuliza yuko wapi, na hasira huanzia hapo. Bili isitajwe katika kikao hicho hata kidogo.

Chumba cha zamu: kiti cha muuguzi kiwe upande wa mlango, mgonjwa na ndugu upande wa ndani. Stendi za dripu zisizotumika, chupa tupu na mikasi viondoke mezani. Taa ya njia ya chooni iwake. Mlinzi wa getini aliye mbali bila simu ni sawa na hayupo, kwa hiyo mpe kila muuguzi filimbi, na mkubaliane neno la siri la kuombea msaada mbele ya mtu mkali, kwa mfano "niletee faili la bluu". Lijaribuni mara moja kwa wiki, tena usiku. Jaribio la mchana litawadanganya, mchana watu wapo.

Kuhusu kumtuliza mtu, semina nyingi hufundisha maneno na kusahau miguu. Simama umbali wa mikono miwili, mwili umeupinda kidogo pembeni, mikono ionekane, njia ya kutoka iwe nyuma yako. Azungumze mtumishi mmoja tu. Anza kwa salamu hata kama mtu anafoka: "Shikamoo baba" imewahi kumlazimisha mtu aitikie kabla hajajua, na aliyeitikia ni vigumu kuendelea kutukana kwa kasi ile ile. Kisha taja unachokiona: "Umekaa tangu asubuhi na mtoto ana homa." Epuka "tulia", "subiri kama wenzako" na "hiyo si kazi yangu". Akianza kukunja ngumi, kutembea huku na huko, au macho yake kutafuta kitu cha kushika, mazungumzo yamekwisha: weka toroli kati yenu, toka, piga filimbi. Stetoskopu isining'inie shingoni, na kamba ya kitambulisho iwe ile inayoachia ikivutwa.

Ukishakuwa na daftari la miezi mitatu, peleka kwa mganga mfawidhi na uombe mambo mawili, si kumi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali salama pa kazi, na ombi lenye tarehe na saa ni gumu kulikataa. Akisema ni mambo ya kituo chako tu, mkumbushe kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kati ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hupata ukatili wa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi.

Mgonjwa mwenyewe ndiye anapiga

*Mgonjwa wetu alikuwa mpole, siku ya tatu akaanza kurusha ngumi na kuona wadudu ukutani. Wenzangu walimwita mkorofi. – Nesi wa wodi ya wanaume, Moshi*

Mgonjwa aliyebadilika ghafla ni mgonjwa aliyezidiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 70 mg/dL, hiyo ni dharura. Kisha oksijeni, joto, kibofu kilichojaa, maumivu yasiyotibiwa, na kama aliumia kichwa. Eneo letu lina malaria sehemu za tambarare, kwa hiyo kipimo kisisahaulike.

Wadudu ukutani siku ya pili hadi ya nne kwa mtu aliyezoea pombe kila siku ni dalili ya kuikosa ghafla, na inaweza kuua. Hapa diazepam ina kazi yake halali, kwa amri ya daktari, pamoja na thiamini (vitamini B1), ambayo itangulie glukosi. Waulize ndugu kiasi anachokunywa siku anapolazwa, tena kwa faragha. Mbele yake watasema "kidogo tu".

Kumfunga ni hatua ya mwisho: kwa amri iliyoandikwa, asilazwe kifudifudi, msitumie bandeji nyembamba inayokata, na viungo vikaguliwe kila dakika 15. Nesi aliyepigwa na mgonjwa wa aina hii naye aandikwe daftarini. Hakuna wa kumshtaki, lakini taya linauma vile vile.

Anayenitesa ni metroni

*Nimeajiriwa hospitali binafsi miezi saba. Metroni ananitukana mbele ya wagonjwa na kunipanga usiku mfululizo. Nikisikia sauti yake natetemeka. – Muuguzi mpya, Moshi*

Mdogo wetu, kukosolewa na kunyanyaswa ni vitu viwili. Ukikosea dozi akakuita chumba cha dawa akakueleza, hata kwa ukali, hiyo ni kazi yake. Kukuita mjinga mbele ya kitanda namba nne si kazi ya mtu yeyote.

Andika kila tukio siku hiyo hiyo, maneno yenyewe na nani alikuwepo, kwenye daftari linalokaa nyumbani. Piga picha ratiba za zamu, kwani ratiba hazibishani. Mfuate mara moja faraghani ukiwa na sentensi moja: "Shikamoo mama, naomba ukiniona nimekosea uniite pembeni." Wapo wanaobadilika hapo. Asipobadilika, andika kwa uongozi, na umshirikishe mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, kama wewe ni mwanachama. Mgogoro ukishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ndani ya siku 60, na yakihusu kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Usiache kazi kwa hasira kabla ya kuzihesabu. Mtumishi wa serikali ana njia tofauti, kupitia mamlaka zake za utumishi wa umma.

Nimwambie aache kazi?

*Mke wangu ni nesi. Tangu alipofanyiwa fujo kazini akirudi hasemi, anawafokea watoto kisha analia. – Mume, Sakina, Arusha*

Shemeji, uamuzi wa kuacha kazi usifanywe mwezi huu. Mpe nusu saa ya ukimya akirudi, watoto uwachukue wewe. Usimuulize "ilikuwaje" kila siku. Muulize "leo nikusaidie nini". Usimlaumu kwamba angejibu hivi au angekimbia vile, tayari anajilaumu mwenyewe. Kliniki msindikize mara ya kwanza, foleni na malipo yawe juu yako.

Akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake usiku huo. Dawa zote zilizomo ndani, pamoja na za panya na za kunyunyizia mazao kama mnazo, zitoke nyumbani, na asubuhi mpeleke Mount Meru. Akiwa na njia tayari ya kufanya hivyo, msingoje asubuhi.